Nimechoka Kutengeneza Mabango ya Kurudisha Maiti

Kabla hamjanipongeza tena kwa lile bango la wiki jana, hebu niseme kitu. Lile lilikuwa la saba. Tangu mwaka huu uanze nimeshatengeneza mabango saba ya mchango wa kurudisha maiti kutoka Arabuni, na yote ni ya watu wa hapa hapa kwetu: Malindi mjini, Gede, Marafa, Ganze, Kilifi. Sitozi hata shilingi. Mzee akikupigia saa nne usiku akakwambia, "Kijana wangu, nimeambiwa wewe ndiye watengeneza zile picha za simu," kwani utamtajia bei?

Lakini nimechoka. Si kuchoka kwa kazi, manake bango lenyewe ni dakika 20. Mwajua linavyotengenezwa? Familia hunitumia picha tatu nne walizozitoa TikTok yake au kwa status ya WhatsApp. Nachagua moja. Juu naandika "Tumrudishe Dada Yetu Nyumbani", chini naweka paybill, kiasi kinachotafutwa, na simu ya mweka hazina, ambaye mara nyingi ni mjomba au mwalimu mstaafu. Kisha tunalisukuma kwa magrupu. Basi.

Kwa kazi hii nimejifunza mambo ambayo sikutaka kuyajua. Nimejua kwamba picha ya kutabasamu huleta pesa haraka kuliko picha ya pasipoti. Nimejua kwamba msichana aliyekuwa na wafuasi elfu nane hurudi nyumbani mapema kuliko asiyekuwa na akaunti. Kuna mama mmoja wa upande wa Ganze, watoto wanne, picha yake pekee ilikuwa ya kitambulisho, amekodoa macho kama mtu anayeshtakiwa. Wiki nzima tukapata shilingi 11,400. Aliyemtangulia, binti wa mjini mwenye video zake za kucheza, tulipita lengo siku ya tatu. Wote wawili walikuwa wamelala mochari za nchi moja, wakisubiri ndege moja.

Sasa huu mchango ambao tunausifu kila siku, ati ndio umoja wetu wa Pwani, ukiutazama vizuri ni bima. Ni bima mbovu. Ada yake inalipwa mtu akishakufa, inalipwa na watu ambao nao hawana, na fidia inapimwa kwa sura.

Niseme na ya kwetu, manake kuna watu kila nikiandika kitu hunijia kwa maoni, "Wewe uliacha chuo, watufunza nini?" Haya.

Mwaka 2022 nilikuwa mwaka wa pili. Binti ya shangazi yangu alikuwa Jeddah, mwaka wake wa kwanza na miezi. Nyumba ya kwanza aliyopelekwa walimweka miezi mitatu bila mshahara, akatoka. Mwenye kutoka kwa kafili bila ruhusa Wakenya huko wana jina lake, wamwita kemboi, kama yule bingwa wetu wa mbio za kuruka viunzi, manake amekimbia. Twacheka, lakini kemboi hana karatasi. Kafili akishamripoti, yeye ni mtoro, na mtoro anafanya vibarua vya nyumba hadi nyumba huku akiombea asikutane na polisi.

Akaanza kuumwa. Miguu ikavimba, kisha uso. Alikuwa akimtumia shangazi video, yuwambonyeza mguu kwa kidole na kile kishimo kinabaki pale pale hakirudi. Sisi huku tukawa tunabishana kama ni figo ama ni chumvi ama ni mtu. Hospitali alikwenda mara moja, wakamtaka iqama, kile kibali cha kuishi, akaondoka kwa woga. Wiki tano aliumwa hivyo. Wiki tano alikuwa mzima wa kuketi kwenye kiti cha ndege, wa kushika kikombe cha maji mwenyewe. Tiketi ya kurudi akiwa hai tulikuwa tunaitafuta kwa kusuasua, yule elfu tano, huyu elfu mbili, manake mgonjwa hachangiwi kama maiti. Hili ni jambo la aibu lakini semeni kama ni uongo. Mtu akiumwa tunamwambia pole, akifa tunafungua grupu.

Alipofariki tuliambiwa tutafute laki nne na 70 elfu. Kafili alisema huyo si mtu wake tena. Ajenti wa huku Kenya alikuwa amehama ofisi, simu yapokelewa na mtu mwingine kabisa anauza tairi. Mwili ulikaa huko miezi miwili na siku 19. Shangazi aliuza ng'ombe, akauza na kipande cha shamba alichokuwa amekiweka kwa ajili ya huyo huyo binti ajenge. Mama yangu aliiweka mezani karo yangu ya muhula, shilingi 38,000, hakuniuliza, nami sikumkataza. Sikurudi tena chuoni. Sikufeli na sikufukuzwa. Sasa mwajua, na swali hilo naomba lisirudi.

Kitu kimoja tu cha siku ile sijakisahau. Maiti haishuki upande wa abiria. Inashuka upande wa mizigo, na mizigo inalipiwa kwa kilo. Pale uwanja wa ndege wa Nairobi nilitia sahihi karatasi iliyoandikwa uzito wa dada yangu pamoja na sanduku lake. Kutoka pale ni kama kilomita 600 mpaka nyumbani, usiku kucha, na dereva hakuwasha redio.

Watu wangu, hii si bahati mbaya ya familia moja. Machi 2025 gazeti la New York Times liliandika kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikufa Saudia katika miaka mitano. Hao ni wafanyakazi waliokwenda wakiwa vijana, wamepimwa afya kabla ya kupanda ndege, wakaonekana wako sawa. Hesabu hiyo haina ndani yake wale waliorudi wamepooza, wamechanganyikiwa akili, au na ugonjwa wasioweza kuusema jina. Wale wagonjwa nitawarudia.

Kuna jambo la pili lililonifanya niandike, nalo lilitokea hapa hapa Malindi, si mbali na ufuo.

Mwaka jana nilikuwa nachukua video za nyumba moja ya kukodisha wageni. Waitaliano, kama kawaida ya mji wetu, wako hapa tangu enzi za mradi wa San Marco kule Ngomeni miaka ya 60, na wengine wamezeeka na sisi. Babu mmoja, mgeni wa wiki mbili, akateleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Sisi wafanyakazi tukaanza fujo zetu, huyu alete gari, huyu alete barafu. Binti yake hata hakupiga kelele. Alitoa kadi kwenye pochi, akapiga nambari iliyoandikwa nyuma, akaongea Kiitaliano dakika kumi, akakata simu, akamshika babake mkono. Jioni ambulensi ikaja. Kesho yake babu akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, na baada ya siku chache nikasikia yuko kwao Milano, amesindikizwa na nesi. Mpishi wa pale, mama mtu mzima ambaye amepika nyumba za Waitaliano tangu sijazaliwa, akaniambia, "Hawa hata akifa ni hiyo hiyo nambari." Alisema hivyo huku akichambua mchicha, kama kitu cha kawaida. Na ni cha kawaida, kwao.

Nikaenda kusoma. Mkenya akitaka viza ya kwenda Italia au nchi yoyote ya Schengen, hata kwa wiki mbili za kutembea, sheria ya hiyo viza yamtaka awe na bima ya safari ya angalau yuro 30,000, na hiyo bima lazima ilipie matibabu ya dharura na kurudishwa kwao akiugua au akifa. Soma tena hapo. Ukienda kutalii wiki mbili Roma, Ulaya haikuruhusu kuingia mpaka waone nani atalipia jeneza lako. Wajilinda wenyewe, sawa, hawataki gharama. Lakini matokeo yake ni kwamba hakuna Mkenya mwenye viza hiyo ambaye tunapaswa kumchangisha kwa bango. Na huyu anayekwenda Riyadh miaka miwili kufua, kupika, kulea watoto na kuosha zulia kwa riyali 900 au 1,000 kwa mwezi, anapanda ndege na begi dogo na dua ya mamake.

Ninajua kuna atakayesema, si kuna SHA? Ndiyo, ipo tangu Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, na asiye na mshahara kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Sitaki kuingia kwa ile vita ya SHA leo, kila mtu ana kisa chake. Ninachosema ni kwamba SHA imejengwa juu ya hospitali za hapa. Haina mkono wa kufika Dammam.

Na hapa ndipo nilipopata mshangao. Bima huko Saudia ipo. Tangu Februari 2024, mkataba mpya wa mfanyakazi wa nyumbani unaopitia Musaned, ule mtandao wa serikali yao wa kuajiri, lazima uwe na bima ya miaka miwili ya kwanza, na moja ya vitu inavyolipia ni kusafirisha mwili mfanyakazi akifariki. Niliposoma hivyo nilisimama. Nikahesabu mabango yangu. Kati ya saba, wanne walikwenda baada ya tarehe hiyo. Kwa hivyo kuna uwezekano kwamba tulichangisha watu wa Malindi, wauza viazi karai na waendesha bodaboda, pesa za kitu ambacho tayari kilikuwa kimelipiwa.

Sisemi tulitapeliwa. Nasema hatukujua, na hatukujua kwa sababu karatasi haiko kwetu. Ile bima anayeishika ni kafili. Imewekwa zaidi kumlinda yeye, arudishiwe gharama zake huyu akifa au akishindwa na kazi. Mama wa marehemu huko Marafa hana nambari ya bima, hajui jina la kampuni, hajui hata kama kuna kitu cha kuulizia. Amepewa jina la ajenti na nakala ya pasipoti ya mtoto. Bima ambayo mwenye msiba haijui ni kama maji ya kisima kisicho na kamba.

Kisha kuna kemboi. Kafili akisharipoti kwamba mfanyakazi ametoroka, nani tena atajitaja kuwa mwajiri wake? Bima iliyofungwa kwa kafili inamwacha mtu siku ile ile anayoihitaji zaidi. Hata matibabu ni hivyo hivyo. Julai 2024 Saudia walianza kulazimisha bima ya afya kwa wafanyakazi wa nyumbani, lakini kwa mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne. Wasichana wetu wengi wako peke yao katika nyumba. Nyumba yenye makadama watano ni ya tajiri, na kwa tajiri huenda hata bila hiyo sheria ungetibiwa.

Kwa hivyo ninachotaka ni kidogo sana na nitakisema waziwazi. Bima inunuliwe hapa Kenya, kwa jina la anayesafiri, ilipiwe na ajenti, na karatasi yake ibaki mkononi mwa mtu wa nyumbani kabla ndege haijaondoka. Ilipie kumrudisha akiugua, si akifa tu. Na iwe ni yake hata akibadilisha nyumba, hata akitoroka. Asiye na hiyo karatasi asipewe kibali cha kusafiri, kama vile Mtaliano hakupi viza bila yuro zake 30,000.

Si ndoto. Wafilipino wanafanya. Sheria yao ya 2010 inamlazimisha ajenti kumnunulia bima kila mfanyakazi anayempeleka nje, bila kumkata mfanyakazi hata senti. Bima hiyo inalipa dola 10,000 kwa kifo cha kawaida na 15,000 kwa ajali, inalipia kurudishwa kwa ugonjwa, na kusafirisha mwili. Iko na kitu kingine ambacho nilipokisoma nilifunga simu nikatoka nje kidogo: mfanyakazi akilazwa hospitali siku saba mfululizo au zaidi, bima inamlipia ndugu mmoja nauli ya kwenda kumtazama. Nauli ya kwenda kumtazama! Na mbali na bima, wana mfuko wa ustawi wa wafanyakazi wa nje, uanachama ni dola 25 kwa mkataba. Dola 25 kwa pesa zetu ni kama shilingi 3,200. Hiyo haifiki nusu ya kile watu wa Malindi hula kwenye kikao kimoja cha mipango ya mazishi.

Ajenti akisema hana pesa, msimsikize. Mwisho wa 2023 Saudia iliweka dari ya ada ambayo mwajiri wao hulipa kumleta mfanyakazi kutoka kila nchi, na kwa Mkenya dari hiyo ni riyali 9,000. Hiyo ni zaidi ya laki tatu za Kenya, kwa kichwa kimoja. Wanagawana ofisi ya kule na ofisi ya huku, sawa, lakini katika laki tatu elfu chache za bima zinakosaje? Na serikali nayo, kila mwaka yajivunia pesa za diaspora. Mwaka 2024 Benki Kuu ilihesabu dola milioni 4,945 zilizotumwa nyumbani na Wakenya walioko nje. Pesa zao zafika kwa sekunde moja. Wao wenyewe wakifa, miezi.

Najua maoni yatakayokuja, nijibu kabla.

"Wasiende, serikali ipige marufuku." Serikali ilishasimamisha mwaka 2014, watu wakapitia nchi jirani. Marufuku haileti kazi Ganze. Wewe unayeandika hivyo una kazi, ama una mtu anayekutumia pesa kutoka huko huko.

"Mzikeni huko huko, Waislamu si wazikwa walipofia?" Hili nalijibu kwa adabu kwa sababu ni la kweli kwa familia nyingi hapa Malindi. Kuna wazee niliowaona wakisema, mtoto wetu azikwe haraka huko, ni nchi ya Mtume, tunashukuru. Wakatia sahihi, wakasoma hitima, wakapoa. Sina neno. Lakini hiyo ni ruhusa iliyotoka kwao. Nimeona pia familia iliyotia sahihi kwa kuwa imeshindwa na gharama, kisha baba akawa haongei na mtu. Hizo sahihi mbili zafanana kwenye karatasi tu.

Na kwa sisi Wagiriama na Mijikenda wenzetu, mtu asiyezikwa kwao ni deni. Mwajua vile vigango vilivyoibwa mwaka 1985, vikaonekana kwenye makumbusho ya vyuo vya Marekani? Mwaka 2007 vilikabidhiwa tena kwa familia yake, kwa sherehe na hotuba za wakubwa. Nguzo za mti za marehemu. Sikatai, ni haki kabisa kurudishwa. Nauliza tu kama twaweza kufunga safari ndefu hivyo kwa ajili ya mti, kwa nini mwenye mwili wake hana hata nambari ya kupiga.

Tena sisi wa Malindi kusubiri maiti tunakujua kuliko watu wengi. Shakahola, miili zaidi ya 400, na familia za kwanza kupewa watu wao walipewa Machi 2024, karibu mwaka mzima tangu makaburi yafukuliwe. Tuliwaona wale watu wakija pale hospitali asubuhi na kuondoka jioni. Kusubiri vile kunamla mtu. Hakuoi, hakulimi, hakulali.

La mwisho: "Ajenti atamkata msichana kwa mshahara." Naam, atajaribu. Ndiyo maana sheria ya Wafilipino imesema wazi asikatwe. Yetu nayo iseme, na aliyekatwa awe na pa kulalamika palipo karibu, si Nairobi. Kuna afisi ya kazi ya kaunti, kuna chifu. Kitu cha kwanza chifu angeweza kufanya wala hakihitaji sheria: anayesafiri akija kutafuta barua, amuulize, bima yako iko wapi, na nakala umemwachia nani?

Nimesema nitawarudia wagonjwa. Mgonjwa wa kulala akirudishwa kwa ndege ya abiria anachukua viti kadhaa, machela hufungwa juu yake, na lazima awe na daktari au nesi na barua ya kuonyesha anaweza kuruka. Bei yake yashinda ya jeneza. Hapo ndipo hesabu yetu ya mchango inapokuwa katili: familia maskini, bila kukaa kikao, bila mtu kusema chochote, hujikuta inangoja. Hakuna aliyeamua. Sisi pia hatukuamua. Ile video ya kidole na mguu bado iko kwa simu ya shangazi, hataki ifutwe, na mara nyingine huniambia, "Niwekee ile," kwa sababu mwishoni, baada ya kubonyeza mguu, binti anageuza kamera na kuuliza kama mvua imenyesha.

Sasa niseme nilichofanya wiki hii badala ya bango.

Kuna jirani yetu, binti yake ana miaka 24, anasafiri mwezi huu. Kazi imepatikana, mafunzo amemaliza, tiketi imetajwa. Nilikwenda kwao Jumatatu jioni, nikamwamkia mamake, shikamoo, marahaba, nikaketi. Nikamwambia, "Mama, naomba kuziona karatasi." Akanitazama kama mtu anayetaka kumkopa. Kisha akaingia ndani akaleta kile kibati cha biskuti chenye hati ya shamba na kadi za kliniki. Mkataba ulikuwa kurasa sita, nusu Kiarabu nusu Kiingereza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Kiarabu mtupu.

Tukaenda naye kwa ustadhi wa madrasa pale karibu na msikiti. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole kwa kidole, akageuza, akarudi mwanzo. Akasema huu hapa ni mkataba wa kazi, hili ni jina la mwajiri, hii ni nambari ya mkataba. Hapa chini wametaja bima. Nambari ya bima wameacha nafasi wazi.

Binti akampigia ajenti pale pale, akaweka spika. Ajenti alikuwa mchangamfu sana mpaka alipoulizwa. Kwanza akasema hiyo ni mambo ya mwajiri, haiwahusu. Mama akachukua simu. Mimi huyu mama namjua kwa upole wake, huwa hata kuku hamfukuzi kwa sauti. Akasema, "Mwanangu, mimi sijui Kiarabu wala Kizungu. Lakini mtoto huyu haondoki hapa mpaka hii nafasi ijazwe. Nambari, na jina la kampuni, na simu ya kupiga nikiwa hapa kwangu."

Kukawa kimya. Kisha ajenti akasema wapite ofisini Alhamisi, ataitafuta.

Leo ni Jumatano. Nimeshachaji simu, tutapanda matatu ya saa kumi na mbili asubuhi, mimi, mama, binti, na ustadhi amesema naye atakuja na miwani yake.